Riba haileti mvua Masaka

Wiki yangu ya kwanza kwenye dawati la uchumi, katika benki moja hapa Kampala, niliandika karatasi fupi: bei ya matoke, zile ndizi za kupika zinazolimwa Masaka, imepanda, mfumuko wa bei umepanda, kwa hiyo Benki Kuu ya Uganda ipandishe riba. Mzee aliyenifundisha kazi aliisoma, akavua miwani. "Riba ikipanda, mvua itanyesha Masaka?" Nikakosa la kusema.

Nyinyi mnaoanza sasa, anzeni na swali hilo. Takwimu za mwezi zikitoka, msirukie namba kubwa inayosomwa redioni. Tafuteni mfumuko wa msingi, yaani ule usiohesabu mazao ya chakula wala nishati, mafuta na huduma kama maji na umeme. Huo ndio Benki Kuu inaoutaka uwe karibu na asilimia 5 katika kipindi cha kati. Bei ya mkungu wa ndizi iliyopandishwa na jua kali itashushwa na mvua. Lakini kinyozi, fundi cherehani na mwenye nyumba wakianza nao kupandisha bei, hapo riba imepata kazi.

Someni sana mwaka 2011. Julai Benki Kuu ilianza kutumia riba yake ya sera, ile inayoongoza riba za mabenki, kwa asilimia 13. Oktoba mfumuko ukapita asilimia 30. Novemba riba ikafika 23. Waliokopa waliumia, na Januari 2012 wafanyabiashara wa Kampala wakafunga maduka kulalamikia riba. Kabla mwaka huo kuisha, mfumuko ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 10. Mkisikia mtu anasema dawa ilifaa, mwulizeni pia nani aliyeinywa.

Sasa sarafu moja ya Afrika Mashariki. Itifaki ya umoja wa fedha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilisainiwa papa hapa Kampala, 30 Novemba 2013, lengo likiwa 2024, kisha likasogezwa hadi 2031. Vigezo vya nchi kujiunga mtavikariri kwa jioni moja: mfumuko usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti asilimia 3 ya pato la taifa, deni asilimia 50, akiba ya fedha za kigeni ya miezi 4.5 ya kuagiza bidhaa. Wanafunzi huvipenda kwa sababu vinatoka kwenye mtihani.

Kigumu kiko kwingine. Agosti 2022 bei za Estonia zilikuwa juu kwa asilimia 25 hivi kuliko mwaka uliotangulia, za Ufaransa hazikufika 7, na wote wanatumia yuro, riba yao moja inapangwa Frankfurt, na Benki Kuu ya Ulaya. Riba iliyoifaa Estonia ingeikaba Ufaransa. Na Estonia haina sarafu yake ya kuiacha ipande au ishuke. Sisi leo bei ya kahawa ikianguka duniani, shilingi yetu hulegea na kubeba sehemu ya mshtuko. Tukiingia kwenye umoja, mzigo huo utabebwa na mishahara, ajira na bajeti ya serikali.

Zoezi ninalowapa wageni ni hili. Chukueni mfumuko wa msingi wa Uganda na wa Kenya, miezi 24, muuweke kwenye jedwali moja. Kisha kaeni wawili wawili, mmoja Nairobi na mwingine Kampala, mchague riba moja kila mwezi. Wengi hugombana kabla ya kufika mwezi wa sita, na mimi huwa siwaamulii.