Hakuna mti usiokunywa maji

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nimejenga Iyumbu, Dodoma, na maji yetu ni ya mgawo, mara mbili kwa wiki. Mwezi Julai nilinunua miche 12 kwa muuzaji wa barabarani aliyeniambia yote ni ya asili na haitaki maji: mikwaju 4, migunga 4 na mawaridi ya jangwani 4. Nikapanda, nikaiacha kama alivyonielekeza. Sasa ni Oktoba, mikwaju na migunga karibu yote imekauka. Mawaridi yalipopukutisha majani niliingiwa na huruma, nikaanza kuyamwagilia kila jioni, na mawili yamelainika shina. Nilipomrudia yule muuzaji akaniuzia chupa ya dawa ya mizizi, tena akanishauri nizungushie kiwanja mathenge, kwamba huo hata mvua isiponyesha miaka miwili utasimama tu. Nikubali?

JIBU: Dada yangu, usikubali. Na hiyo chupa, kama bado hujaifungua, mrudishie.

Hii habari ya "mmea usiotaka maji" inaletwa kwangu kitaluni kila kiangazi, na kila mara mwenye kulia ni aliyenunua, si aliyeuza. Mgunga unaouona porini mwezi wa kumi ukiwa na majani mabichi haukuzaliwa na ugumu huo. Umekaa pale miaka, mizizi yake imeteremka hadi penye unyevu ambao wewe na mimi hatuuoni. Mche uliouziwa wewe ulikuwa na mzizi wa shubiri moja ndani ya kiriba, kile kifuko cha plastiki cha miche. Ukipata mwingine wa namna hiyo, chana kile kiriba uangalie chini: mara nyingi utakuta mzizi mkuu umefika mwisho, ukakosa njia, ukajizungusha kama kata ya kubebea ndoo. Ukiupanda hivyo hivyo utaendelea kuzunguka palepale shimoni mpaka ukauke. Mzizi uliojikunja hivyo mimi naukata ile sehemu ya chini kwa kisu kikali kabla ya kupanda. Wateja wanashtuka, lakini unachipua upya na kuelekea chini.

Halafu Julai! Dodoma inapata milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, na karibu zote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Aliyekuuzia mche Julai na kukuambia usimwagilie alijua una miezi mitano ya upepo na jua mbele yako. Kama hakujua, basi hana sababu ya kuuza miche.

Mti wa asili unakuokolea maji baadaye, ukishapita misimu miwili ya mvua, mara nyingine mitatu. Kabla ya hapo unalelewa. Kulea kwenyewe si kila jioni kikombe kimoja. Hicho kinalowesha vidole viwili vya juu, asubuhi kimekwisha kukauka, na mizizi inajifunza kukaa juu kukisubiri. Mpe mche lita 20 kwa mara moja, polepole, kisha muache wiki nzima. Mgawo wako wa mara mbili kwa wiki unatosha kabisa. Ukitaka kujua maji yamefika wapi, chomeka nondo nyembamba: itapita kwenye udongo uliolowa na kugoma ulipo mkavu. Mimi napenda pia kufukia chungu cha udongo kisichopakwa rangi kando ya mche, shingo tu ikibaki juu, nakijaza na kukifunika. Maji yanapenya taratibu kwenye kuta zake. Weka matandazo ya majani makavu, ila yasiguse shina, maana mchwa wa huku unawajua.

Mawaridi yako mawili yamekufa kwa kosa la upande wa pili, na hili linaniuma zaidi kwa sababu lilifanywa kwa upendo. Waridi la jangwani likipukutisha majani limelala. Lile tumbo la shina ndilo tangi lake. Ukilimwagia wakati halina majani ya kuyatumia maji, linaoza kuanzia chini. Ukibonyeza kwa kidole linabonyea kama papai lililoiva mno. Mawili yaliyobaki magumu yaache hivyo hivyo hadi mvua. Mikwaju na migunga nayo ikwangue gome kwa ukucha kabla ya kuing'oa: penye kijani pana uhai, anza lita 20 leo. Palipo kahawia hadi ndani, ng'oa, na upande upya mvua za Desemba zikishatulia. Mkwaju uwe mbali na ukuta, mita 8 au zaidi, kwa sababu hautabaki mche.

Na neno hili "asili" limekuwa kibandiko cha kuuzia. Asili ya wapi? Nyasi za Pemba ni za asili kweli, za pwani, na ukizileta Iyumbu zitakumaliza kwa bili. Shubiri ile, aloe vera, inayouzwa kila kona kwa ajili ya ngozi ilitoka Arabuni, ingawa tunazo shubiri zetu zinazoota zenyewe kwenye mbuga. Mwarobaini umetoka bara Hindi. Siuchukii, umetupa kivuli wengi. Ila nataka mtu aniambie ukweli anaponiuzia.

Sasa hayo mathenge, wengine huyaita mrashia. Ni mti wa Amerika, na hauchezewi. Kule Baringo, Kenya, uliletwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sifa hizohizo alizokupa muuzaji wako: unastahimili ukame, unazuia jangwa, una kuni. Mbuzi wakala maganda yake matamu, mbegu zikatoka na samadi, zikaota kila walikopita. Malisho yakageuka kichaka cha miiba, na sukari ya yale maganda ikaharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wananchi waliishtaki serikali, wakampeleka mbuzi kibogoyo mahakamani awe kielelezo. Na usidhani hauna kiu. Maji yako ya bomba hauyahitaji kwa sababu unafuata yale ya chini, ambayo visima vya majirani vinayategemea.

Kama umeshapanda hata mche mmoja, ung'oe sasa hivi ukiwa mdogo, pamoja na mzizi. Ukiukata juu tu, utachipua matawi mengi kuliko mwanzo.