Anaficha dagaa chini ya godoro

“Shikamoo Shangazi. Naishi Kibirizi, Kigoma, nauza dagaa, nina mume na mtoto mmoja wa miaka mitatu. Januari nililetewa mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka sita. Dada alifariki mtoto hajatimiza mwaka, baba yake hajulikani aliko. Alilelewa na bibi Kasulu hadi miaka mitatu, bibi alipougua akapelekwa kwa mjomba Uvinza, halafu kwa watu wengine Tabora, ndipo akapandishwa treni kuja kwangu. Simwelewi. Nikitandika nakuta ugali mkavu na dagaa chini ya godoro, na chakula hanyimwi. Akianguka halii. Mgeni yeyote akipita, mtoto anamshika mkono na kuondoka naye. Anampiga mwanangu mpaka anamtoa damu. Mara nyingine nikimwita hageuki. Mume wangu anasema mtoto wa nyoka ni nyoka, tumpeleke bweni au kituo cha yatima kabla hajatuharibia wetu. Mama mkwe anasema ana kitu, aombewe. Nampenda lakini nimechoka. Mtoto aliyeharibika hivi anatengenezeka? — Mama Mdogo, Kibirizi.”

Marahaba mwanangu. Pole kwa kuondokewa na dada, na pole kwa uchovu. Barua yako nimeifupisha, ila pale uliposema unampenda lakini umechoka sikupagusa. Yote mawili ni kweli, na wala moja halifuti jingine.

Swali lako nalijibu kwanza: anatengenezeka. Ila hilo neno “aliyeharibika” naomba tuliweke kando. Mimi kwenye barua yako namwona mtoto aliyejifunza mambo, na aliyojifunza yalimvusha nyumba tatu akafika kwako mzima. Hebu hesabu naye. Mama amefariki. Bibi aliyemzoea kaugua. Kwa mjomba hakukaa, Tabora hakukaa. Kila alipoanza kuizoea harufu ya kanga ya mtu, nguo zake zilitiwa kwenye mfuko akasafirishwa. Ungekuwa wewe, ungeamini kwamba sahani ya leo itakuwepo na kesho?

Hilo la chakula nalijua kwa macho yangu. Zamani tukiishi Mwanga nilimchukua binti wa marehemu kaka yangu. Siku moja nainua mto wake nakuta vipande vya muhogo wa kuchemsha, amevifunga kwenye karatasi ya daftari, vimeota ukungu na sisimizi wamejaa. Nilimchapa. Niliamini namfundisha adabu. Baada ya hapo chini ya mto hapakuonekana kitu tena, nikafurahi, mpaka nilipolisogeza kabati kufagia: akiba yake yote alikuwa ameihamishia huko nyuma. Ile hofu ya kesho fimbo haikuigusa hata kidogo. Ilimfundisha kuficha vizuri zaidi, na ilimfundisha kuniogopa mimi. Hadi leo kikinijia kile kikaratasi cha daftari roho inaniuma.

Kwa hiyo usimchape, na akiba yake usiitupe mbele ya macho yake. Nenda naye sokoni achague mwenyewe bakuli la plastiki lenye mfuniko, rangi anayoitaka. Tia karanga, ndizi, kipande cha muhogo, vitu visivyooza upesi. Liweke karibu na anapolala umwambie: “Hili ni lako. Usiku ukisikia njaa kula. Likiisha niambie, nitajaza.” Halafu ujaze kweli, hata siku aliyokuudhi. Hasa siku hiyo. Wiki za mwanzo huenda akalimaliza kila usiku. Mwache. Anakupima kama neno lako lina mwisho.

Sasa nikupeleke karibu na kwenu. Zile boti za Mwamgongo zinazopakia hapo Kibirizi hupita mbele ya Gombe, ile hifadhi ya sokwe. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alishuka pale Julai 1960, na watu wengi wanachokumbuka ni sokwe waliokuwa wakivua mchwa kwa kijiti. Mimi iliyonikaa ni habari ya mama na mtoto. Sokwe jike mzee aliyepewa jina la Flo alikuwa na mtoto wa kiume, Flint, aliyeng'ang'ania mgongo wa mama na kulala kwenye kiota chake hata umri wa kujitegemea ulipofika. Mwaka 1972 Flo akafa kando ya kijito. Flint alikuwa na miaka kama minane na nusu, anajua kupanda mti, anajua kutafuta chakula. Akaacha kula, akajikunyata, na mwezi haukuisha naye akafa.

Ya pili ni ya mwaka 1987. Ugonjwa wa mapafu uliwapiga sokwe wa Gombe, na mtoto wa miaka mitatu aitwaye Mel akabaki yatima, mgonjwa mgonjwa, hana ndugu mkubwa. Kila mtu alijua atakufa. Aliyemchukua ni Spindle, dume kijana wa miaka kumi na miwili, asiye na udugu naye wa karibu. Alimbeba, akamlaza kwenye kiota chake, alipoombwa chakula akampa. Mel akaishi.

Simfananishi mtoto wetu na mnyama, usinielewe vibaya. Nakueleza kwa sababu elimu ya malezi tuliyonayo leo ilijengwa na watu wa fani mbalimbali kusikilizana. Mwalimu wa Goodall kule Cambridge, Robert Hinde, alikuwa mtu wa wanyama, na ndiye huyo huyo aliyekuwa akibadilishana mawazo na John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili wa London, aliyetaka kujua kwa nini mtoto aliyetenganishwa na mamaye anabadilika tabia. Na mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyewahi kufanya kazi na Bowlby, alikuja mwaka 1954 hapa kwa jirani zetu Uganda, akaingia nyumba 26 za vijiji vya karibu na Kampala, akawa anakaa sebuleni na kina mama akiwatazama watoto wao wachanga. Alichokiona wewe unakiona kila siku ufukweni. Mtazame mwanao wa miaka mitatu: anakimbia hadi kwenye mitumbwi, anageuka kuangalia kama upo, akikuona anaendelea. Wewe ndiye nanga yake. Kwa kuwa upo, ana ujasiri wa kwenda mbali.

Mwana wa dada yako akigeuka nyuma hajui atazame wapi. Ndiyo maana anamshika mkono kila mpita njia. Moyoni mwake watu wote wako sawa, hakuna wa kwake. Na kutolia nako ni hivyo hivyo. Mtoto halii kwa maumivu peke yake, analia ili mtu aje. Aliyelia mara nyingi asijiwe na mtu, huacha.

Kuhusu kituo, msomee mumeo hapa, msomee kwa upole. Utawala wa Ceaușescu ulipoanguka Romania mwaka 1989, dunia ilikuta watoto wengi mno kwenye vituo vya serikali. Walilishwa, walivishwa, lakini mtu wa kuwapakata hakuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, wakishirikiana na Waromania, waliwafuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest. Nusu walipangiwa kwa bahati nasibu wapelekwe kwenye familia za malezi, na walipowapima ubongo na tabia mwaka baada ya mwaka, waliokwenda kwenye familia waliwapita wenzao kwa uelewa, kwa kushikamana na mlezi na kwa utulivu wa moyo. Waliotolewa kabla ya miaka miwili ndio walionufaika zaidi. Wapo wanaoviendesha vituo vyetu kwa moyo safi, nami nawaheshimu, lakini wahudumu hupokezana zamu, na huyu amekwisha kupokezana watu kupita kiasi. Na bweni lisahauni: tangu Machi 2023 Serikali ilisitisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na nadhani ilifanya jema.

Sitakuficha: huyu ana miaka sita, na ile miaka ya mwanzo haitarudi. Baadhi ya mambo, kama kuwazoea wageni upesi, huenda yakachukua muda mrefu. Lakini ubongo wa mtu, hasa sehemu ya mbele inayotuzuia kurusha ngumi tukikasirika, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Na huko Hawaii, kwenye kisiwa cha Kauai, Emmy Werner na wenzake waliwafuata watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 mpaka wakawa watu wazima. Wapo waliozaliwa katika ufukara na nyumba za ugomvi, lakini mmoja katika kila watatu wa hao alikuja kuwa mtu mzima mwenye utu, kazi na upendo. Katika yaliyowafananisha, moja ni kwamba kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyemkubali bila kuyumba, na mara nyingi hakuwa mzazi. Alikuwa bibi, mwalimu, shangazi, mama mdogo.

Umelisikia hilo la mwisho?

Kuhusu kumpiga mdogo wake. Usiwaache wawili peke yao kwa sasa, hata dakika ya kwenda bombani. Akiinua mkono, mshike mkono huo kwa nguvu ya kumzuia tu, shuka hadi macho yenu yawe sawa, sema maneno machache: “Hapa hatupigani. Nimekushika.” Usimfungie chumbani peke yake. Mkalishe pembeni yako mchambue dagaa pamoja mpaka pumzi yake itulie. Na kila siku, hata dakika kumi usiku, awe na wewe mwenyewe bila yule mdogo.

Hilo la kuitwa asigeuke, kabla hujaliita kiburi mpeleke hospitali ya Maweni wampime masikio, na minyoo na damu pia. Sikio likiuma kimya kimya miaka, mtoto huonekana mkaidi kumbe hasikii. Pita pia kwa afisa ustawi wa jamii uandikishe kwamba unamlea, atakuelekeza, na siku ukizidiwa usione haya kupiga 116, simu ya watoto.

Mama mkwe usishindane naye. Kama anataka kumwombea, amwombee nyumbani, akiwa amempakata. Ila dawa ya kunywa au ya kuchanja, hapana, hapo simama imara. Na mpe kazi: jioni awe anamsimulia hadithi za zamani. Mumeo naye usimpe hotuba. Naisoma hofu yake kama hofu ya baba kwa mwanawe, si ubaya. Waliotuachia methali ya nyoka ndio waliotuachia na ile ya mtoto umleavyo, achague ipi ya kuishi nayo. Mwombe jambo moja tu: kila asubuhi akitoka amuage mtoto huyo kwa jina lake, amwambie atarudi saa ngapi, na arudi. Akichelewa, apige simu mtoto aisikie sauti. Mtu anayesema atarudi kisha akarudi, mtoto huyu hajawahi kumpata.

Na wewe pumzika. Jumapili moja moja waache na bibi yao, ukae na wenzako. Huwezi kuwa nanga ukiwa umekatika kamba.

Kisha ngoja. Siku atakapoanguka uwanjani, akanyanyuka, akaangalia huku na huku akitafuta uko wapi, akaja mbio kwako akilia kwa sauti, acha hata dagaa waungue. Halafu niandikie.

Shangazi yako