Usiku hawatajwi kwa jina

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mwandishi wa riwaya ya kihistoria kuhusu Wakelti (watu wa kale wa Ulaya magharibi, ambao masimulizi yao yalibaki Ayalandi na Wales) aingize miungu na viumbe wa masimulizi, au abaki na yaliyothibitishwa? Mimi nasema aingize, mradi wasiwe mapambo.

Chukueni Machi 1895, kijiji cha Ballyvadlea, Tipperary, Ayalandi. Huo ni wakati wa reli na telegrafu. Bridget Cleary, mshonaji nguo kijana mwenye cherehani yake na kuku wake wa mayai, akaugua. Mumewe Michael, fundi mapipa, akashikilia kwamba aliyelala pale kitandani si mkewe. Mkewe kachukuliwa na wale wa mabomani, viumbe wa masimulizi walioaminika kuishi katika maboma ya kale ya udongo, wakamwachia kiumbe aliyefanana naye. Daktari alifika, padri naye alifika. Bado jamaa walimbana chini wakamnywesha mitishamba iliyochemshwa kwa maziwa, huku wakimuuliza tena na tena, kwa jina la Mungu, kama yeye ndiye Bridget. Mwisho mumewe akamchoma moto. Kisha huyo huyo mume akaenda kukesha kwenye boma la kale la Kylenagranagh, akimngoja Bridget wa kweli atoke juu ya farasi mweupe ili akate kwa kisu kamba zilizomfunga. Mahakama ikampa miaka 20 kwa kuua bila kukusudia.

Waondoe viumbe hao, riwaya ya kisa hiki itabaki na mume katili na jamaa wasioeleweka. Sisemi imani imsafishe. Mke mwenye fedha yake mwenyewe hakosi wa kumchukia, na mwandishi anayejua kazi yake hatatuamulia. Lakini ile safari ya bomani usiku ni historia, kama ilivyo hukumu.

Kinachonikera mimi ni kingine: makuhani wa Kidruidi, yaani makuhani wa Wakelti, wakizungushwa Stonehenge, duara la mawe ya kale huko Uingereza, kana kwamba waliijenga. Mawe yale makubwa yalisimamishwa zaidi ya miaka 2,000 kabla ya Julius Kaisari, jemadari wa Roma, kuwaandika makuhani hao. Wenyewe hawakukubali elimu yao takatifu iandikwe. Kaisari anasema wengine walisoma miaka 20 kwa kukariri tu. Ndiyo maana nafasi tupu ni nyingi, na wajanja wakaijaza: Iolo Morganwg, mshairi wa Wales, alifanya "ibada ya kale" juu ya Primrose Hill, London, mwaka 1792, sehemu kubwa kaitunga mwenyewe. Hata sungura aliyechomoka vazini mwa Boudica, malkia wa Britania aliyepigana na Warumi, kabla ya vita tunaambiwa na Cassius Dio, mwanahistoria wa Roma aliyeandika zaidi ya miaka 100 baadaye. (Huyo sungura namruhusu. Ni mtamu mno kuachwa.)

Jambo la mwisho ni jina. Waayalandi wa vijijini waliwaita wale viumbe wa mabomani "watu wema", kwa woga, kama bibi yangu anavyomwita nyoka "kamba" jua likizama. Nikimkuta mhusika wa karne ya 19 akiropoka jina lao halisi usiku, kando ya boma, bila hata kugeuka kutazama nyuma, kitabu nakifunga.

Msomaji wenu, Tanga