Waya, mpira na shimo: niliyojifunza kwenye kambi za RV Marekani

Mama alipoambiwa tutasafiri kwa gari kutoka Columbus, Ohio, mpaka Los Angeles na kurudi, hakuuliza umbali. Aliuliza, "Mwanangu, na usiku tunalala kwa nani?" Alikuwa amekuja kutoka Tanga kuwaona wajukuu, na kwa akili yake safari haina maana kama hakuna ndugu wa kumfikia njiani. Nikamwonyesha picha ya RV tuliyokodi: gari la futi 25 lenye vitanda, jiko, friji na choo humo humo. Akaitazama kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo na choo tunatembea nacho?"

Ndiyo, Mama, tunatembea nacho. Na ningelimsikiliza vizuri siku ile, maana kwa swali hilo moja alikuwa ameshagusa jambo ambalo mimi nililielewa Oklahoma, siku ya tatu ya safari, nikiwa nimeziba pua.

Kabla ya kuondoka nilipoteza wiki mbili nikisoma maoni ya watu kuhusu kambi: ipi ina bwawa la kuogelea, ipi ina bembea za watoto, ipi ina mandhari. Yote hayo ni mapambo. Kwenye kambi ya RV unalipia vitu vitatu: waya wa umeme, mpira wa maji safi, na shimo la kumwagia maji machafu. Ukiona tangazo limeandikwa "full hookup", maana yake vyote vitatu vipo hapo hapo kwenye kiwanja chako. Kama ni umeme na maji tu, shimo ni moja la kambi nzima, na asubuhi mtapanga foleni kama kwenye kituo cha mafuta. Sisi tulilipa kati ya dola 35 na 75 kwa usiku, na bei ilipanda kila ilipofika Ijumaa na Jumamosi.

Nianze na shimo, kwa sababu ndilo watu wanaona haya kulizungumzia.

RV ya kawaida ina tangi mbili za uchafu. Moja inapokea maji ya choo, nyingine inapokea ya kuogea na kuoshea vyombo. Kila tangi ina valvu yake ya kuvuta. Mwenye gari alinieleza haya yote kwa muda wa dakika kumi hivi, huku akiangalia saa, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Tulipofika kambi ya kwanza nikaunganisha mpira mnene wa uchafu, nikafungua valvu zote mbili na kuziacha wazi. Nilijiona mjanja: acha kila kitu kitiririke chenyewe, kama nyumbani.

Choo cha RV hakifanyi kazi hivyo. Valvu ya choo ikiwa wazi, maji yanakimbia na kuacha yale mengine nyuma. Yanakauka, yanarundikana, na siku ya tatu gari zima linanuka hata madirisha yakiwa wazi. Mama hakusema neno. Alijifunga leso puani akakaa nje kwenye kiti.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja wa kiwanja cha jirani, mzee wa miaka sabini na ushee, anayesafiri peke yake na paka wawili. Alikuja bila kuitwa akaniambia nifunge ile valvu ya choo, nimwage ndoo kadhaa za maji chooni, niendeshe gari kesho yake ili maji yatikisike humo ndani, kisha ndipo nimwage. Tulifanya hivyo, na mara mbili ilitosha. Tangu siku ile utaratibu wetu ukawa huu: valvu ya choo inakaa imefungwa mpaka tangi ifike kama theluthi mbili. Siku ya kumwaga, uchafu wa choo unatangulia, maji ya kuogea yanafuata, ili yasuuze mpira. Glavu za plastiki kila mara. Na mpira wa maji ya kunywa, ambao kwa kawaida ni mweupe au wa bluu, usikae kabati moja na ule wa uchafu. Hili lisingehitaji kuandikwa, lakini nimeona mtu akiosha mpira wa uchafu kwenye koki ya kunywea. Kwa hiyo koki ya kambi ifute kwa dawa kabla ya kuunganisha.

Kwa sisi tunaotumia maji chooni, jambo moja zaidi. Mama alisafiri na kikopo chake cha bluu chenye mpini, nami nilihofu kwamba maji mengi yatajaza tangi haraka. Kumbe ndiyo yaliyotusaidia. Maadui wa tangi ni karatasi nyingi na maji haba. Wanaonunua karatasi maalumu za bei mbaya kwa ajili ya RV wangekuwa na kikopo, wangeokoa pesa.

Umeme nao una mtego. Gari letu lilikuwa la ampea 30, yaani volti 120 mara 30, wati 3,600 kwa jumla. Kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi na maikrowevu inapasha chakula, bado uko salama. Mtu akitia birika la umeme la chai, umeme wa gari zima unajikata. Kwetu ilitokea kila asubuhi mpaka tulipohamishia chai kwenye jiko la gesi. Magari makubwa ni ya ampea 50, na usidhani wamekuzidi kidogo: yanapokea nyaya mbili za volti 120, kila mmoja ampea 50, jumla wati 12,000. Kabla ya kuchomeka, zima swichi kwenye nguzo ya kambi, chomeka, ndipo uwashe. Nunua pia kifaa cha kulinda gari dhidi ya umeme mbovu, kwa sababu nguzo za kambi za zamani zimechoka. Kwa upande wa maji, weka kidhibiti cha shaba cha kupunguza nguvu ya maji. Kambi nyingine zina presha ya kupasua mabomba ya plastiki yaliyo ndani ya gari, nacho kinauzwa bei ndogo.

Sasa muda wa kufika. Wazoefu wa RV wana kanuni ya tatu-tatu-tatu: usiendeshe zaidi ya maili 300 kwa siku, fika saa tatu, kaa siku tatu. Kwa Kiswahili inaharibika, maana saa tatu yao ni saa tisa yetu ya alasiri, lakini kanuni yenyewe ni ya kweli. Sisi usiku wa kwanza, karibu na St. Louis, tulifika saa tatu kwa hesabu ya Kiswahili. Ofisi ilikuwa imefungwa, jina letu limebandikwa mlangoni na ramani iliyochorwa kwa kalamu. Kiwanja chenyewe kilikuwa cha kuingia kinyumenyume, kati ya mti na trela la watu waliokwishalala. Mke wangu alisimama nyuma na tochi ya simu akipiga kelele "njoo, njoo, njoo, simama!" na kila "simama" yake ilichelewa nusu sekunde. Tulichubua mti. Mti hauna bima, taa ya nyuma ndiyo iliyogharimu.

Toka hapo nikawa nawapigia simu kabla ya kulipa: je, mna kiwanja cha kupita moja kwa moja, mtu anaingia huku na kutokea kule? Vinazidi bei kidogo. Lipa. Ukishazoea, baada ya wiki hivi, unaweza kurudi kwenye vile vya kurudi nyuma. Swali la pili kwa simu: kiwanja kimesawazishwa? Friji ya gesi haipendi gari lililoinama, na wewe pia hutapenda kulala kichwa kikiwa chini ya miguu. Tulibeba vibao vya kuweka chini ya tairi, na simu ina kipimo cha usawa, kwa hiyo kazi ni ya dakika tano kukiwa na mwanga.

Swali la tatu sikulijua mpaka New Mexico. Kambi nyingi za barabara kuu ya I-40 zimefuata barabara ya zamani ya Route 66, na kwa sehemu kubwa barabara hiyo ilifuata reli. Treni za mizigo hupita usiku kucha, na zinapokaribia makutano ya reli na barabara sheria inazitaka zipige honi sekunde 15 hadi 20. Siyo honi ya daladala. Ni honi inayokukalisha kitandani. Kwa hiyo kabla ya kulipa, fungua ramani ya satelaiti, tafuta reli, kisha tazama kama kuna makutano karibu. Reli iliyo mbali na makutano unaweza kuizoea, makutano huyazoei.

Upepo wa Texas karibu na Amarillo pia si wa mchezo. Lile turubai la kivuli linalokunjuliwa ubavuni mwa gari likunjeni kila mnapoingia kulala, hata kama mbingu imetulia. Jirani yetu aliliacha. Saa nane usiku tulimsikia akipigana nalo na asubuhi lilikuwa juu ya paa lake. Ukiwa Oklahoma au Texas majira ya kuchipua na kiangazi, uliza unapojiandikisha: kukija kimbunga tunakimbilia wapi? RV si mahali pa kujifichia, na ofisi wanapaswa kukuonyesha jengo imara.

Kuhusu chakula, nina kisa cha dagaa. Mama alibeba dagaa, na siku tuliyolala Tucumcari, New Mexico, akaamua tumechoka mikate. Akakaanga ndani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya kiyoyozi. Kengele ya moshi ilianza kulia, watoto wakakimbia nje, mbwa wa kambi nzima wakaitikia. Majirani wawili wakaja na kizima moto. Waliishia kuonja. Lakini harufu ile ilikaa kwenye mapazia mpaka California. Kaangeni nje, jiko la gesi la mezani linatosha. Na kwa wanaokula halali: yale majiko ya moto ya kambi yana wavu wa chuma ambao usiku uliopita umechoma soseji za nguruwe za mtu mwingine. Bebeni wavu wenu. Kuni msibebe, nunueni pale pale mnapozichoma. Sisi wa Ohio tumeshaona miti ilivyoteketea kwa mdudu mmoja wa kijani anayesafiri ndani ya kuni, na majimbo mengi hayafanyi mzaha na kuni za kutoka mbali.

Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona, tulilala ndani ya hifadhi, kwenye kambi ya Mather Campground, ambako hakuna waya wala shimo kwenye kiwanja. Nafasi zinafunguliwa mtandaoni miezi sita kabla, na za majira ya joto zinakwisha upesi. Anayetaka vyote vitatu kuna Trailer Village karibu na hapo. Mimi ningerudi Mather. Ni mita kama 2,100 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai Mama alilala na makoti mawili. Alfajiri alitoka kutawadha akakuta elk wanne, wanyama wakubwa kama pofu, wakila majani hatua chache kutoka mlangoni. Sheria ya hifadhi ni kukaa mita 30 kutoka kwao. Mama alirudi ndani kinyumenyume bila kumgonga mtu wala mti, akasema udhu unaweza kusubiri.

Nimeulizwa na wenzangu hapa Columbus: na ninyi weusi, huko vijijini mlionekanaje? Nitasema kama ilivyokuwa. Mara mbili watu walitukodolea macho, na kwenye kambi moja Missouri mhudumu alitaka kuona kitambulisho changu mara ya pili bila sababu niliyoielewa. Tuliondoka asubuhi bila kumalizia usiku wa pili tuliolipia. Kwingine kote walikuwa watu wa kusalimia. Mama akitandika mkeka ubavuni mwa gari, kijana wa jirani alipunguza muziki bila kuambiwa. Ushauri wangu ni kusoma maoni ya karibuni, kupendelea kambi ambazo unaweza kughairi bila faini, na ukihisi moyo umekataa, usiubembeleze.

Kambi zenye jina moja nchi nzima, kama KOA (Kampgrounds of America), nyingi hazina maajabu lakini unajua utakachokuta. Zilianzia Billings, Montana, mwaka 1962, na jina lao linaandikwa Kampgrounds kwa K badala ya C, jambo ambalo Wamarekani huliona kituko na sisi tunaoandika kambi hatuoni tatizo. Maegesho ya maduka makubwa ni kwa usiku mmoja wa dharura, na baada ya kumwomba meneja, kwani si kila duka linaruhusu. Kelele kambini mara nyingi ni mwisho saa nne usiku, kuondoka ni saa tano asubuhi, na mashine nyingi za kufulia zinakula sarafu za senti 25. Jaza kopo la sarafu kabla hujatoka nyumbani.

Tulirudi Columbus baada ya wiki tatu na maili karibu 4,700. Mwenye gari alilikagua nusu saa nzima, safari hii bila kuangalia saa. Tangi zilikuwa tupu, nilikuwa nimezisuuza mara mbili. Alinikata pesa ya taa na ya harufu ya mapazia. Kesho yake akapiga simu: kuna kikopo cha bluu chenye mpini kimebaki chooni, kilikuwa cha kazi gani? Nikamwambia ni cha mama yangu, asikitupe, nakuja kukichukua sasa hivi.