Kabla ya kukodi duka la chini ya ardhi, kagua ngazi ya pili

Vyumba vya chini ya ardhi katikati ya Nairobi hukodishwa kwa bei nafuu kuliko vya barabarani, na ndiyo maana wengi wetu tumehamishia huko stoo, karakana za ushonaji na hata maduka. Mimi ninapopelekwa kuona chumba cha aina hiyo, huuliza habari za mlango wa dharura kabla ya kuuliza kodi.

Moto wa huko chini una ubaya wake wa pekee: moshi hupanda, na watu nao hawana pa kukimbilia ila juu, kwa hiyo ngazi iliyoachwa wazi hugeuka dohani huku watu wakiwa bado ndani yake. Ngazi ya kutorokea inafaa kuzungushiwa ukuta, iwe na mlango wa kuhimili moto unaojifunga wenyewe, na ziwepo mbili zilizo mbali, kila moja ikitokea nje kivyake. Mara nyingi mwenye jengo hukuonyesha ngazi mbili kwa fahari, nawe ukizifuata hadi juu unakuta zote zinaishia mbele ya geti lilelile. Hapo mimi huhesabu njia moja. Lifti siihesabu kabisa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakataza milango ya kutokea kufungwa kwa namna isiyoruhusu kufunguliwa mara moja kutoka ndani wakati watu wamo kazini. Hata hivyo, katika jengo moja nililolikagua, mlango wa nyuma ulikuwa na kibao kizuri cha kijani, lakini nilipousukuma haukusogea. Kufuli lilikuwa upande wa nje, na ufunguo, kwa maelezo ya mlinzi, alikuwa nao msimamizi aliyekuwa amesafiri kwenda Thika. Ulipofunguliwa siku nyingine, tulikuta marobota ya mitumba yamepangwa ngazini hadi usawa wa kiuno.

Hofu ya wizi ni ya kweli, wala simlaumu mwenye duka anayeitaja. Dawa yake ni komeo la kusukuma, ambalo hufunguka kwa kifua tu kutoka ndani na kukataa kutoka nje, pamoja na kengele itakayolia mlango unapoguswa.

Omba pia ripoti ya ukaguzi wa moto, ambao Kanuni za Kupunguza Hatari za Moto za 2007 zinataka ufanywe kila mwaka, kisha umwombe fundi azime swichi kuu ukiwa ndani, uone kama taa za dharura zinawaka hadi mlangoni. Mkataba nao useme kwamba ngazi ya pili haitawekwa mizigo wala kufuli, na utaje atakayelipia betri za taa hizo, kwa maana mpangaji hudhani ni kazi ya mwenye jengo, na mwenye jengo hudhani ni ya mpangaji.