Baiskeli ya mazoezi au mashine ya kukimbilia?
Dada, kwa chumba kidogo hapo Raskazone, na magoti uliyosema yanakusumbua, chukua baiskeli. Haiyatikisi magoti kama kukimbia, na zile za sumaku (ndiyo inayofanya pedali ziwe nzito) zenye kirungu cha kukazia kwa mkono hazitegemei umeme. Ukikatika unaendelea kukanyaga. Adui mkubwa huku kwetu Tanga ni chumvi ya bahari. Dukani inama kabisa, kagua chini ya fremu, kwenye maungio na vichwa vya boliti. Rangi ikiwa imebabuka na kutu imeshaingia, achana nayo hata bei ikivutia. Kisha panda, kanyaga kwa nguvu; ikiyumba, hiyo siyo. Uliza pia uzito wa mwisho inaobeba. Nyumbani futa jasho kila ukimaliza, nalo lina chumvi.