Wadi ya 6: ramani ilifungua mlango, majirani wakaugombania

Mmeuliza wiki hii: "Je, anayechora mipaka ya wadi ndiye anayemchagua diwani?" Nilikaa miaka kadhaa katika Wadi ya 6 jijini Minneapolis, Marekani, na kwa nilivyoona huko, ramani humchagua diwani mara moja tu. Baada ya hapo wananchi wanashikana wenyewe.

Alama ya mtaa wetu, Cedar-Riverside, ni maghorofa ya Riverside Plaza, refu kuliko yote likiwa na orofa 39. Kwenye lifti utasikia Kisomali, Kioromo, na Kiswahili cha Eastleigh au cha kambi ya Dadaab, kwa sababu wengi walipitia Kenya kabla ya kufika kwenye theluji ile. Lakini zamani mtaa huo ulikuwa Wadi ya 2, na kura za Wasomali wa jiji zilitawanyika huku na kule, hazina nguvu popote.

Sensa ya 2010 ikaleta mipaka mipya. Abdi Warsame alikuwa miongoni mwa waliodai wadi ambamo watu wa Afrika Mashariki wangesikika, na ramani ya 2012 ikaipeleka Cedar-Riverside Wadi ya 6. (Mwaka huohuo sisi Kenya tulikuwa tukivutana mahakamani juu ya wadi zetu 1,450, kwa hiyo nilijihisi nyumbani kabisa.) Mwaka 2013 Warsame alimshinda Robert Lilligren, Muojibwe, yaani mmoja wa wenyeji asilia wa Marekani, aliyekuwa barazani tangu 2002. Wengi tulishangilia. Mimi nilishangilia nusu: jamii moja ndogo iliingia kwa kumtoa mtu wa jamii nyingine ndogo, tena wenye ardhi wa asili.

Waliodhani kiti sasa ni cha Wasomali na mambo yamekwisha hawawajui Wasomali. Mwaka 2017 Warsame alipingwa na Mohamud Noor, akaponea chupuchupu. Machi 2020 akajiuzulu kwenda kuongoza shirika la nyumba za umma la jiji, na uchaguzi mdogo wa Agosti ukavuta wagombea zaidi ya 10.

Hapo ndipo utaratibu wa Minneapolis, unaotumika tangu 2009, unapokuwa mtamu. Mpiga kura anapanga chaguo lake la kwanza, la pili na la tatu. Asipopatikana wa kuvuka nusu, wa mkiani anatolewa na kura zake zinahamia kwa chaguo linalofuata. Kwa hiyo mgombea hawezi kumtukana mpinzani hadharani, maana anazihitaji kura za pili za wafuasi wake.

Mimi sikuwa raia, kwa hiyo nilikuwa mtazamaji tu. Mama mmoja jirani aliniambia mgombea wake wa kwanza ni mtoto wa dada yake, hana la kufanya, damu ni damu. "Lakini wa pili," akasema, "huyo ndiye ninayemtaka." Jamal Osman alishinda baada ya kura kuhamishwa raundi kadhaa.